Vitambaa vya Chumba Namba Tisa

Nchi ya Salamani haimo kwenye ramani, na msomaji asijisumbue kuitafuta. Iko mbali mno na hapa. Mtu akisoma habari zake akaona zinafanana na za nchi fulani anayoijua, basi tatizo ni macho yake, aende akapimwe. Huko Salamani kila kitu ni kizuri, na hili si jambo la kusikia mitaani. Limeandikwa kwenye katiba, ibara ya pili, mara tu baada ya ibara inayotaja rangi za bendera.

Siku moja, miaka mingi iliyopita, waziri mmoja wa huko alipanda ndege akamkuta rubani amenuna. Rubani yule alikuwa anaumwa jino. Waziri hakuuliza. Alishuka ngazi, akaitisha waandishi wa habari palepale chini ya bawa, akatangaza kwamba taifa haliwezi kurushwa angani na watu walionuna. Kabla mwezi haujaisha, Mamlaka ya Anga ikabadilishwa jina ikawa Mamlaka ya Anga na Nyuso, ikapewa jengo la ghorofa sita, magari kumi na manne na wimbo wake. Jino la rubani, kwa faida ya wale wanaopenda kujua mambo yaliishia wapi, halikung'olewa.

Sheria ikatoka kwamba kila rubani, mwongoza ndege, fundi na mhudumu apimwe akili kila baada ya miezi sita, na asiye na cheti asiguse hata gurudumu. Ikabaki kazi ya kujua akili inapimwaje. Wataalamu walikaa siku tisa katika hoteli moja kando ya ziwa, wakala samaki, na siku ya kumi wakapata jibu ambalo lilikuwa mbele ya pua zao muda wote: mtu huulizwa hali yake. Wasalamani wamekuwa wakijuliana hali tangu enzi za mababu, na hakuna anayekumbuka aliyewahi kujibu vibaya. Nyumba ya mtu inaungua, anaulizwa habari za leo, anajibu nzuri, halafu ndipo anaomba ndoo. Basi kipimo cha akili kikawa salamu.

Kiliitwa Salamu Kamili na kilikuwa na maswali arobaini. Habari za asubuhi, za nyumbani, za kazi, za watoto, za siku nyingi, za tangu juzi, za majirani, za mvua. Jibu lilikuwa moja, nzuri. Aliyejibu "nzuri tu" aliandikiwa barua ya onyo, kwa sababu ile "tu" wataalamu waligundua kuwa haitamkiki bila mabega kushuka. Aliyejibu "tunamshukuru Mungu" aliambiwa Mungu aachwe nje ya ofisi, ajibu mwenyewe. "Hivyo hivyo" ilikuwa kusimamishwa mwezi mmoja. "Tunapambana" ilikuwa kusindikizwa hadi getini na walinzi wawili. Na neno "ila" lilipigwa marufuku katika jengo zima, hata kantini, tangu siku ile fundi mmoja alipojibu "nzuri, ila" na daktari akaziba masikio asije akasikia kinachofuata akalazimika kukiandika.

*

Kapteni Mashaka Tindwa alikuwa amerusha ndege za Salamani kwa miaka kumi na minane. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye sauti nzito ya kumtuliza hata mtoto anayeota meno. Alizaliwa mwaka wa njaa, wazazi wakampa jina la mwaka wenyewe, wakijua atalima kama wao. Hawakujua kwamba ipo siku kipaza sauti kitatangaza, "Mabibi na mabwana, rubani wenu wa leo ni Mashaka," na abiria wote waanze kupapasa mikanda. Mamlaka ilimpeleka kwa hakimu akaape kwamba jina lake halihusiani na hali yake. Akaapa. Baada ya miaka michache abiria wakamzoea, na wengine wakawa wanasema wakipata ndege ya Mashaka wanasinzia kabla haijaacha ardhi.

Asiyesinzia sasa alikuwa yeye. Mama yake alikuwa amefariki miezi mitatu iliyopita, na tangu hapo usingizi ulikuwa umemkimbia. Akijilaza anashtuka kama aliyeitwa jina. Mkewe, Siwema, alimkuta asubuhi moja anamimina chai kwenye sahani bila kikombe, naye anaiangalia inavyoenea mezani kwa utulivu mkubwa.

Hata kumzika mama yake ilibidi amzike kwa ujanja. Mfanyakazi wa anga akifiwa, Salamani humpa fomu ya kuthibitisha kwamba kifo hicho hakikumhuzunisha. Anayethibitisha ananyimwa ruhusa, kwa kuwa haihitaji. Anayeshindwa kuthibitisha ananyang'anywa cheti, kwa kuwa ana huzuni. Mashaka aliisoma fomu ile mara mbili, akairudisha mahali pake, akachukua nyingine, akaandika kwamba anakwenda kijijini kwao Mkongeni kupanda mihogo. Akapewa siku mbili. Alimzika mama siku ya kwanza, akarudi siku ya pili, na ofisini wakampokea kwa tabasamu wakimuuliza habari za shamba.

Halafu ikaja ile Jumanne. Walikuwa angani, mchana mweupe, abiria tisini na wawili nyuma yao, Mashaka akawasha kipaza sauti akasema kwa ile sauti yake, "Mabibi na mabwana, tunaanza kushuka kuelekea Mkongeni. Hali ya hewa ni nzuri, na mama ameshatia chai jikoni."

Abiria wakacheka, wakapiga makofi. Rubani msaidizi, binti mmoja aitwaye Tunu, hakucheka.

"Kapteni," alisema taratibu, "Mkongeni hakuna uwanja."

"Najua."

"Ni kijijini kwenu."

"Najua, Tunu."

"Nishike mimi?"

"Shika, mdogo wangu."

Tunu akashika, akatua salama walikotakiwa kutua. Mashaka alikaa na mikono mapajani mpaka injini zikazimwa. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na minane alikuwa na hofu, na wala haikuwa ya cheti. Aliwahofia watu tisini na wawili waliokuwa wakiteremsha mizigo yao nyuma, wengine wakiendelea kuchekea ile chai.

*

Siku tatu baadaye miezi yake sita ikatimia. Mashaka alikwenda kwenye kipimo akiwa amekata shauri: leo anasema ukweli. Aliyempima alikuwa Daktari Fungameza, mtu mwembamba mwenye kalamu tatu mfukoni na mafaili mpaka kidevuni.

"Habari za asubuhi?"

"Nzuri."

"Za nyumbani?"

"Nzuri."

"Za majirani?"

"Nzuri."

"Umelalaje?"

Mashaka akasogeza kiti mbele. Halafu akasema, "Daktari, kuhusu huko kulala, naomba nikueleze."

Daktari Fungameza aliweka kalamu chini haraka kama iliyoshika moto. "Kapteni, swali hilo ni la neno moja."

"Naelewa, lakini mimi tangu..."

"Ukisema lakini, naandika lakini. Nikiandika lakini, cheti kinakwenda. Kikienda cheti, unapelekwa kwenye mizani kupima mizigo ya abiria mpaka uthibitishe kwamba hujawahi kuwa hivyo ulivyo. Yuko mwenzako pale, mwaka wa sita huu, bado anathibitisha." Aliinama mbele, sauti ikashuka. "Nakuomba, kaka. Na wewe una watoto. Umelalaje?"

"Salama," alisema Mashaka.

"Na mihogo?"

"Imeshika."

"Safi kabisa!" Daktari akagonga muhuri mara mbili, akamkabidhi cheti chenye ukingo wa dhahabu kilichoandikwa AKILI: NZURI SANA. Mashaka alikuwa amefika mlangoni aliposikia nyuma yake kikohozi kidogo.

"Kapteni, makochi ya nyumbani kwako yana vitambaa?"

"Yanavyo, daktari."

"Havijawahi kumtosha mtu," alisema Fungameza akiangalia dari. "Shuka chini. Chumba namba tisa."

*

Chumba namba tisa kilikuwa Kitengo cha Msaada wa Akili. Kilifunguliwa miaka kumi na moja iliyopita kwa sababu wageni fulani kutoka nje waliuliza kama kipo. Mamlaka ilimwajiri mshauri nasaha mwenye shahada mbili, Bi Arafa, ikampa meza, viti viwili na kibao cha mlangoni kilichosema: KITENGO HIKI HAKIJAPATA MTEJA. USIWE WA KWANZA. Kila mwaka ripoti ilisomwa mbele ya wakubwa, idadi ya wateja sifuri, na ukumbi ukasimama kushangilia.

Nje ya mlango alikaa mlinzi, Bwana Pazi, na daftari la wageni. Kila aingiaye huandika jina na sababu. Ukiandika ushauri, daftari linapanda juu kwa Mkurugenzi Mkuu na cheti chako kinashuka.

"Sababu ya kuja?" aliuliza Bwana Pazi.

Mashaka akajiuma midomo. "Nimekuja, yaani, mimi nimeambiwa..."

"Kitambaa," alisema Bwana Pazi kwa upole, akamwandikia mwenyewe. "Wote mnafuata kitambaa. Pita, Kapteni, kiti cha kushoto kina mguu mbovu."

Bi Arafa alikuwa mama wa makamo, miwani puani, mabonge ya uzi yamemzunguka kama kuku na vifaranga. Hakunyanyua macho.

"Karibu, baba. Kitambaa kikubwa au kidogo?"

Mashaka alifikiri. "Kikubwa, nadhani."

"Basi kaa vizuri. Vikubwa vinachukua muda." Sindano yake ikaanza kwenda. "Mimi nikifuma simwangalii mtu. Na nikimaliza, ninachokumbuka ni rangi ya uzi tu. Habari za nyumbani?"

"Nzuri."

Bi Arafa hakuuliza la pili. Alifuma mstari mzima, akafuma wa pili, amenyamaza kama mtu asiye na haraka ya kwenda popote. Mashaka alikuwa hajawahi kukutana na salamu ya namna hiyo. Katikati ya mstari wa tatu alisema, "Mama yangu amekufa."

"Pole, mwanangu. Ulimlilia?"

"Nilipanda mihogo, mama," alisema, na hapo mtu mzima yule, mwenye mistari minne begani, akalia mpaka kola ikalowa. Alimweleza yote: kitanda, chai kwenye sahani, Mkongeni isiyo na uwanja, watu tisini na wawili. Bi Arafa akafuma. Alipoona amemaliza ndipo akavua miwani.

"Sasa sikiliza. Ndege usiguse mpaka ulale. Utakuja hapa Jumatatu na Alhamisi. Mwambie yule binti anayerusha na wewe, asibaki anakisia. Na uombe likizo ya siku kumi, uende kwenye kaburi la mama yako ukamlilie kwa sauti, mchana, watu wakusikie."

"Sababu niandike nini?"

"Andika unakwenda kuvuna ile mihogo."

"Mama, mihogo haikomai miezi mitatu."

"Hakuna aliyewahi kushika jembe kwenye jengo hili," alisema Bi Arafa. "Andika."

Mashaka alitoka pale mabega yakiwa mepesi, akala sahani nzima ya wali kwa mara ya kwanza tangu msibani. Usingizi bado ulikuwa haujaja. Tunu alimwombea kwa mpanga zamu abaki ardhini akifundisha wanafunzi mpaka likizo ianze, na mpanga zamu, ambaye makochi yake yana vitambaa kumi na viwili, hakuuliza sababu.

*

Likizo ilikuwa ianze siku ya Ijumaa. Alhamisi, Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka akaharibu mambo.

Huyu alikuwa Profesa Daktari Mhandisi Sarara Mwinyikondo, na vyeo hivyo vyote vilitamkwa hata na mkewe. Mwezi ule alikuwa ameamua kuwatembelea wafanyakazi majumbani ili kukagua nyuso zao zikiwa zimepumzika. Nyumbani kwa rubani mmoja alikalia kitambaa kizuri cha maua, akakisifu. Nyumbani kwa fundi akakuta ua lilelile. Kwa mwongoza ndege akakuta kochi, meza, redio, jokofu na mbuzi vimevishwa maua hayohayo. Akaenda kwenye mnara wa kuongozea ndege, akakuta mtambo wa kuonyesha ndege umefunikwa kitambaa na waongozaji wanakifunua kidogo kuchungulia. Alirudi ofisini mbio, akaagiza daftari la Bwana Pazi. Kitambaa. Kitambaa. Kitambaa. Ziara mia mbili na kumi na nne kwa mwaka mmoja, na zote kitambaa.

Ikaundwa Tume ya Kuchunguza Wingi wa Vitambaa. Asubuhi ya Alhamisi marubani, mafundi, waongoza ndege na wahudumu wote waliomo daftarini waliitwa ukumbini. Mkurugenzi Mkuu alifungua kikao kwa hotuba.

"Ndugu wajumbe! Kitambaa kimoja ni pambo. Vitambaa viwili ni starehe. Vitambaa mia mbili na kumi na nne ni uasi! Mtumishi wa umma, ndani ya ofisi ya umma, chini ya taa ya umma, amefanya biashara ya uzi! Ikithibitika, Bi Arafa atafukuzwa kazi leo hii, na chumba namba tisa kitakuwa stoo ya picha zangu, ambazo kwa sasa hazina pa kupumzika."

Makofi yakapigwa na wajumbe watatu, kwa zamu.

Kwenye korido, wakisubiri kuitwa, Bi Arafa alimvuta Mashaka pembeni. "Sema kitambaa, mwanangu. Wote watasema hivyohivyo. Mimi nimebakiza miaka mitatu nistaafu. Wewe umebakiza anga nzima."

"Na wewe ukiondoka, atakayekuja baada yangu ataenda kwa nani?"

"Sema kitambaa," alirudia Bi Arafa.

Mashahidi wakaanza kuingia. "Ulifuata nini namba tisa?" "Kitambaa, Mheshimiwa." Kila mmoja aliweka kielelezo chake mezani na kukaa nyuma ameinamisha kichwa, maana kila kitambaa kilichowekwa kilikuwa kinamkaba Bi Arafa shingo. Kufikia saa nne rundo lilikuwa limepanda hata wajumbe hawakuonana, na Mkurugenzi Mkuu alikuwa anahoji watu kupitia tundu la ua. Bi Arafa alipoulizwa alisema, "Nafuma, ni kweli. Mikono yangu haina kazi nyingine, kwa kuwa nchi yetu haina wagonjwa." Karani aliandika kwamba mtuhumiwa amekiri.

"Kapteni Mashaka Tindwa!"

Mashaka aliingia akasimama mbele ya rundo. Alijua neno lenyewe, lilikuwa hapo kwenye ulimi, neno moja tu la kumpeleka salama hadi kiti cha nyuma na kumpa cheti chake maisha yote. Alimtazama Bi Arafa. Mikono yake ilikuwa imelala mapajani, haina sindano wala uzi, na Mashaka akaona hawezi.

"Kwa mujibu wa taratibu," ilisema sauti ya Mkurugenzi Mkuu nyuma ya rundo, "habari za asubuhi?"

"Mbaya, Mheshimiwa."

Karani alinyanyua kalamu akabaki ameishika hewani. Fomu haikuwa na nafasi ya jibu hilo.

"Rudia."

"Mbaya. Na sikufuata kitambaa. Mama yangu amekufa. Nilimzika leo, kesho nikarudi kazini nikitabasamu, na tangu siku hiyo silali. Nilitangaza kutua mahali ambapo hakuna uwanja, nikiwa na watu tisini na wawili, na wote wakacheka wakidhani natania. Nilipimwa maswali arobaini nikafaulu yote. Huyu mama aliniuliza habari mara moja, halafu akanyamaza akasubiri jibu. Kama hiyo ni biashara, basi mimi ni mteja, niandikeni."

Tunu alijifuta macho na ua la kitambaa kilichokuwa karibu. Mashaka aliketi kwenye kiti cha mashahidi, akashusha pumzi ndefu kama aliyetua mzigo wa kuni.

"Kanuni ya saba!" Mkurugenzi Mkuu aliibuka juu ya rundo. "Amekiri hakuwa mzima! Cheti kifutwe! Na kama kitambaa maana yake ndiyo hiyo, basi wote waliofuata kitambaa vyeti vifutwe! Karani, soma majina!"

Karani akasoma. Alisoma marubani, akasoma mafundi, akasoma mnara mzima. Akasoma, "Daktari Fungameza, mara kumi na saba," na Fungameza akakagua kalamu zake. Karani akasoma na jina lake mwenyewe kwa sauti ileile, kisha akafungua ukurasa wa pili. Kila jina lilipotajwa Mkurugenzi Mkuu alisema, "Futa!" na alikuwa bado anafuta majina wakati mlango ulipofunguliwa, ukalia kwa mlio mkali kama bata aliyekanyagwa, akaingia Waziri wa Anga na suti ya safari.

Waziri alikuwa na haraka. Alikuwa anakwenda ng'ambo kupokea Kikombe cha Nchi Isiyo na Huzuni, ambacho Salamani ilikuwa imekinyakua mwaka wa nne mfululizo.

"Ndege yangu iko tayari, rubani sioni," alisema. "Nani ananirusha?"

Mkurugenzi Mkuu alipitia daftari harakaharaka. "Mheshimiwa, hawa wote nimewafuta. Ila," akajishika mdomo, kwa kuwa neno lilikuwa limeshatoka, "amebaki mmoja ambaye hajawahi kukanyaga namba tisa. Kapteni Mabruki. Hajakosea salamu hata moja tangu aajiriwe."

"Mabruki yupi? Huyu aliyeegesha ndege kwenye maegesho ya magari ya wafanyakazi?"

"Aliiegesha vizuri sana, Mheshimiwa. Katikati ya mistari."

Waziri alitazama saa yake. Alikuwa na wake wawili, watoto saba na mipango mingi ya taifa. Aliwatazama wale waliofutwa, mmojammoja, na macho yao mekundu. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu awe waziri, aliuliza swali ambalo hakuwa na jibu lake. "Hivi, hawa waliokuwa wanakwenda kwa huyu mama, walikuwa wanarudi kazini wakiwa afadhali?"

"Afadhali, Mheshimiwa," alisema Daktari Fungameza, akarudisha kalamu mfukoni, akaendelea. "Mimi mwenyewe nilikuwa nikirudi afadhali."

"Basi nitarushwa na waliokwenda!" alipaza sauti Waziri. "Mabruki mleteni kwa huyu mama leo hii! Na wewe, Sarara..."

"Ssshh!"

Waziri wa Anga hakuwa ameambiwa ssshh tangu darasa la tatu. Aligeuka kutafuta mkosaji. Alikuwa Bi Arafa, kidole mdomoni, na kwa mkono wa pili alikuwa anaonyesha kiti cha mashahidi.

Kapteni Mashaka alikuwa amelala. Hakuna aliyeona amelala saa ngapi. Kichwa kilikuwa kimeegemea rundo la vitambaa, mdomo wazi kidogo, mikono imelegea, na alikuwa anakoroma kwa ile sauti yake nzito ya kumtuliza hata mtoto anayeota meno.

"Mheshimiwa, taratibu," alinong'ona Bi Arafa. "Ana miezi mitatu hajalala."

Waziri akaketi polepole. Mkurugenzi Mkuu, ambaye hotuba zake husikika hadi sokoni, alilazimika kusoma kwa mnong'ono maamuzi ya Tume kama Waziri alivyomwandikia: kwamba vyeti vyote virudishwe, kwamba anayeomba msaada asifutwe, na likizo apewe kwa sababu yake ya kweli, kwamba chumba namba tisa kiongezewe washauri wawili, na kwamba neno "ila" liruhusiwe, kuanzia kantini. Wajumbe walipiga makofi kwa ncha za vidole.

Baada ya hapo ilikuwa watu watoke wakafanye kazi, maana ilikuwa saa tano na uwanja mzima wa ndege ulikuwa hauna mtu. Tunu alinyata hadi mlangoni, akashika kitasa, mlango ukaanza kulia. Mashaka akajigeuza kwenye kiti. Ukumbi wote ukamkazia Tunu macho, naye akauachia mlango kama ulivyo, akarudi kwa vidole vya miguu, akaketi. Waziri alivua viatu. Mkurugenzi Mkuu akavua vyake. Wakakaa hivyo, marubani, mafundi, waongoza ndege na serikali, wamekunja mikono, wanamsikiliza mtu anakoroma.

Huko nje abiria walikuwa wamejaa wanaangalia ubao wa matangazo. Wasalamani wamezoea ubao ule. Ndege ikichelewa huandikwa hali ya hewa, hata jua likiwa linapasua kichwa, na watu husonya na kuanza kutukana mawingu yasiyokuwepo. Siku hiyo Bwana Pazi, aliyekuwa amebaki peke yake na ufunguo wa chumba cha ubao, alichungulia ukumbini kupitia dirisha, akaona, akaenda akaandika alichokiona: NDEGE ZOTE ZIMECHELEWA. RUBANI AMELALA, HATUTAKI KUMWAMSHA.

Watu wakasoma. Wakasoma tena. Bibi mmoja mwenye kapu la maembe, ambaye hakuwa ameleta miwani, alimwomba kijana aliye karibu amsomee kwa sauti.

"Amelala kweli?" aliuliza.

"Ndivyo walivyoandika, bibi."

"Aah, mwacheni alale," alisema bibi, akaliweka kapu chini, akakaa juu ya sanduku lake. "Alale ashibe. Tutafika tu."